Tenki Alilolisugua Mturi

Vijana wangu wawili mliobaki na hadubini, tangu siku ya kuagana mmenisumbua niandike niliyoyaona kazini. Haya, naandika. Habari za vyeo na mishahara mtazisoma kwenye majalada mkitaka. Mimi nitaandika kazi yenyewe, na kwa kuwa sasa hakuna wa kuniita ofisini kunionya, nitaandika pia yaliyoniudhi, ambayo ndiyo mengi.

Niliingia maabara ya Nyakato, hapa Musoma, nikiwa na cheti cha ufundi wa maabara na matumaini ya kupima udongo wa dhahabu, kama kila mtu mkoa huu aliyesomea nilichosomea mimi. Asubuhi ya kwanza Dokta Maregesi alinikabidhi kipande cha bati la alumini, ukubwa wake kama daftari, kikiwa ndani ya mfuko uliokuwa ndani ya mfuko mwingine. Dokta alikuwa mtu wa Butiama. Alikuwa amefanya kazi hii ughaibuni miaka mingi, kisha akaamua kuirudisha nyumbani.

"Hiki kilikuwa ubavuni mwa setilaiti," aliniambia. "Kimekaa juu miaka, kisha wanaanga wakakishusha. Kazi yako ni kutafuta vishimo. Nakuja sasa hivi."

Akatoka. Nikakitoa kwenye mifuko, nikaona kina vumbi. Mezani palikuwa na kitambaa safi. Nikakifuta.

Aliporudi hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akalitazama bati linavyong'aa, kisha akanyoosha mkono nimpe kile kitambaa. Akakitia kwenye mfuko, akauandika namba.

"Sasa sampuli yetu ni kitambaa," akasema.

Mwezi wangu wa kwanza kazini niliumaliza nikipekua kitambaa uzi kwa uzi, nikitafuta vumbi la angani ambalo mimi mwenyewe nililihamisha. Nilipata punje kumi na moja. Tisa zilikuwa za barabara ya Nyakato.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini naieleza kwa ajili ya atakayewafuata. Vitu vilivyo juu huko vinakwenda kasi kuliko risasi yoyote. Punje ndogo kuliko ya chumvi ikigonga bati, inachimba shimo pana kuliko yenyewe mara nyingi, na ukingo wa shimo unayeyuka na kujikunja kama mdomo wa kikombe. Ukikuta kishimo cha namna hiyo, swali ni moja: nani kagonga? Huenda ni vumbi la kimondo, ambalo limekuwa likizunguka tangu kabla ya dunia kuwa na watu. Huenda ni takataka zetu wenyewe: rangi iliyobanduka kwenye roketi, vipande vya alumini, hata maji machafu ya chooni yaliyotupwa nje na wanaanga yakaganda. Hilo la mwisho sikuwahi kumwambia mama yangu.

Kwa nini kazi hiyo ilikuja Musoma? Kwa sababu kule ughaibuni wenye setilaiti hawakupata mtu wa kukaa miezi minane akihesabu vishimo kwenye bati moja. Dokta Maregesi aliwaambia anao watu wa namna hiyo. Hakuwa nao. Alikuwa na mimi.

Mama yangu, huko Suguti, aliulizwa na majirani mtoto wake anafanya kazi gani mjini. Akawajibu, "Anahesabuga matundu." Jibu hilo lilinifuata kanisani, sokoni na kwenye misiba. Baadaye nilijaribu kulirekebisha, nikagundua kwamba halina kosa.

Hadubini yetu ya elektroni ilikuwa ya mtumba na yenye tabia mbaya. Kabla ya kuona chochote lazima pampu ifyonze hewa yote kwenye chumba chake kidogo, na hilo linachukua muda. Umeme ukikatika unaanza upya. Nadhani nusu ya maisha yangu ya kazi nimeyatumia nikiitazama pampu ile.

Adui mwingine alitoka ziwani. Mnawajua wale vijidudu wanaoinuka majini kama moshi na kuingia kila mahali, mpaka kwenye chai. Mwaka wangu wa pili niliandika kurasa nne kuhusu kishimo cha ajabu, kirefu, chenye kingo tatu. Dokta alisoma zote nne. Halafu akaangalia picha.

"Mama Majura," akasema, "kimondo chako kina magoti."

Ulikuwa mguu wa mdudu. Tangu siku hiyo nilifundishwa kuandika safu tatu: nilichokiona, kinaweza kuwa nini, na kinaweza kuwa nini kingine. Safu ya tatu ndiyo inayochosha, na ndiyo watu wanayoiruka. Dokta alistaafu, akarudi Butiama, akafariki kabla sijampelekea ripoti yangu ya kwanza ambayo safu ya tatu ilikuwa ndefu kuliko mbili za kwanza. Angefurahi. Asingesema.

Sasa nifike kwenye kesi mnayoniulizaga kila mara, ile ya Bunda.

Niliitwa mlangoni asubuhi moja, miaka mitatu kabla ya kustaafu. Polisi alikuwa ameleta kitu nyuma ya gari, kimefunikwa blanketi. Alipolitoa blanketi nikaona tenki la mviringo, kubwa kama chungu cha pombe ya harusi, lenye shingo upande mmoja na masikio mawili ya chuma ya kulifungia. Lilikuwa linang'aa mno. Niliweza kujiona uso wangu, na uso wangu haukuwa na furaha.

"Limekamatwa kwa fundi wa kuchomelea, Bunda mjini," afande akasema. "Kuna mgodi umepotelewa na tenki kama hili. Yeye anadai limedondoka kutoka angani. Tumeambiwa nyie ndio mnashughulika na mambo ya angani."

Nyuma yake alisimama mzee mwembamba wa sare ya ulinzi, kofia mkononi. Hakuliangalia tenki. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema kabla sijamuuliza kitu, "Fundi mwenyewe ni mwanangu. Mimi ndiye niliyemripoti."

Jina lake ni Mzee Matutu, na alikuwa mlinzi wa stoo ya mgodi huo. Tenki lilipokosekana kwenye hesabu ya vifaa, ni yeye aliyekuwa zamu, na lawama ikamwelekea. Jumapili moja, akitoka kanisani, akapita kwenye karakana ya mwanawe Mturi na kulikuta tenki limewekwa juu ya benchi. Akamuuliza limetoka wapi. Mturi akamwambia limeanguka kutoka juu. Mzee akaondoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja kituoni, na Mturi akafungwa pingu mbele ya wateja wake.

"Mtoto akiiba, unaumia," mzee aliniambia. "Lakini akiiba halafu akufanye mjinga, hapo je?"

Nikaomba kwanza nipelekwe Bunda nimwone Mturi.

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mikono imejaa makovu ya cheche. Alitolewa mahabusu tukakaa kwenye benchi, afande akisikiliza.

"Ulilikuta wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye pamba, mama. Shambani kwa mjomba. Kulikuwa na mngurumo asubuhi, tukasema ni radi, lakini mawingu hayakuwepo. Mjomba alienda kupalilia akalikuta limejichimbia. Akaniita mimi kwa sababu ndiye ninashikaga vyuma."

"Lilikuwaje ulipoliona mara ya kwanza? Nieleze polepole."

"Lilikuwa jeusi. Sehemu zingine lina rangirangi, kama mafuta ya taa yakimwagika kwenye maji. Na matone ya bati nyeupe yamegandiana nalo, kama nta ya mshumaa."

Vijana wangu, hapo nilitoa kalamu. Weusi ule ni wa moto wa kuingia hewani. Rangi zile ni titani, metali nyepesi na ngumu, iliyopata joto kali. Matone yale ni alumini ya roketi iliyoyeyuka wakati wa kushuka na kulirukia tenki. Kijana huyu, ambaye hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa mambo haya, alinieleza dalili zote tatu kwa mpangilio.

"Ziko wapi sasa hizo rangi?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshaliona tenki.

"Nililisafisha."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa chafu, mama."

"Ulilisafisha kwa kitu gani?"

"Grenda kwanza. Halafu msasa mkavu, halafu msasa wa maji, halafu stilwaya na sabuni. Siku tatu."

Nilimwangalia mtu huyu ambaye shahidi wake pekee alikuwa ngozi ya lile tenki, na ambaye alikuwa ameketi siku tatu akimchuna shahidi huyo kwa bidii zote za fundi mzuri. Nilitaka kumpiga. Pia nilikumbuka kitambaa fulani, nikaendelea kuuliza.

"Yale matone?"

"Yalipukutika, tukafagia."

Nilirudi Musoma nikafanya kipimo cha kwanza, cha kujua chuma chenyewe ni cha aina gani. Ilikuwa titani. Nikaandika hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Afande alisoma akatabasamu.

"Na la mgodini lilikuwa la titani," akasema. "Mitambo yao ya asidi inatumiaga hiyo. Ahsante mama, umetusaidia sana."

Hivyo ndivyo nilivyomkandamiza Mturi kwa karatasi yangu mwenyewe, yenye sahihi na mhuri. Nilimwambia afande kwamba roketi nazo hubeba matenki ya titani, kwamba safu yangu ya tatu inasema hivyo waziwazi. Alinijibu kwamba hakimu hasomi safu. Nikamwomba wiki mbili. Akanipa moja.

Nililikagua tenki lile kwa lenzi ya mkononi, eneo kwa eneo, kuanzia kitako. Mturi alikuwa fundi kweli. Hakuacha mahali. Siku ya tatu, nikiwa nimeshaanza kumtukana kimoyomoyo kwa jina, nilifika kwenye kona kati ya shingo na sikio moja. Diski ya grenda ni duara, na kona ile ilikuwa nyembamba kuliko ukucha wa kidole gumba. Diski haikuingia. Wala vidole vyake vyenye msasa havikuingia. Ndani ya kona kulikuwa na weusi, na juu ya weusi kulikuwa na matone mawili meupe.

Tatizo ni kwamba chumba cha hadubini yetu kinapokea kitu cha ukubwa wa kiberiti, na tenki halikuwa kiberiti. Nikamwambia afande lazima sikio likatwe.

"Kielelezo hakikatwi," akasema.

"Afande, mwenyewe alishakisaga chote."

"Alikisaga kabla hakijawa kielelezo."

Tulikwenda hivyo siku mbili, tukaandika barua, mpaka hakimu akaruhusu kwa sharti kwamba afande awepo na kila unga utakaodondoka ukusanywe. Nilikata mwenyewe kwa msumeno wa mkono, bila maji wala mafuta, kwa sababu chochote cha majimaji kingechafua kona. Titani haikatiki kama chuma. Inashika meno ya msumeno na kuyala. Nilimaliza meno ya misumeno saba, kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, afande kakaa kwenye kigoda na karatasi nyeupe mapajani akikinga unga kama mtu anayepepeta ulezi. Kufikia msumeno wa tano aliniuliza kwa upole kama anaweza kunisaidia. Nilikataa, kwa kuwa alikuwa amekula chapati.

Kipande kikaingia kwenye chumba. Pampu ikaanza. Umeme ukakatika. Ukarudi. Pampu ikaanza tena. Umeme ukakatika. Afande aliuliza kama huwaga hivi kila siku. Nilimwambia leo ni nafuu.

Mchana wa siku iliyofuata nikaona. Kwenye ule weusi kulikuwa na vishimo vitatu. Viwili vilikuwa wazi, mviringo kabisa, mdomo umejikunja kwa nje. Cha tatu ndicho kilichonifanya niondoe miwani na kuifuta, kisha kuivaa tena. Tone la alumini lilikuwa limeangukia juu ya kishimo hicho na kukifunika nusu, kama uji uliofurika ukaingia kwenye tundu la meza. Yaani kishimo kilikuwepo kwanza. Tone likaja baadaye. Kulikuwa na kugongwa, halafu kukawa na moto, kwa utaratibu huo na si mwingine. Kwenye sakafu ya kishimo kimoja kati ya vile vilivyo wazi nilikuta mabaki ya magnesi, silikoni na chuma, jamii ya mawe ya vimondo. Lakini sikuandika kimondo. Niliandika kwamba inaelekea huko.

Mwendesha mashtaka hakuwa mjinga. Aliniita na kuniuliza, "Mama, mtuhumiwa ni fundi wa kuchomelea. Matone ya madini yaliyoyeyuka si ndiyo kazi yake ya kila siku?"

"Matone peke yake, ndiyo," nikamjibu. "Na nimeandika hivyo safu ya tatu. Lakini anachomelea chuma, hana mashine ya alumini, afande alikagua karakana. Na hata angekuwa nayo, hicho kishimo chini ya tone hakuna nyundo, drili wala mchanga wa kurushwa unaoweza kukichimba kwenye titani ukakiyeyusha mdomo hivyo. Nioneshe kifaa kilichopo Bunda kinachorusha punje kwa kasi hiyo, nami nitararua ripoti yangu."

Alirudia kuisoma ripoti. Kisha akaniuliza kama safu zile tatu nilizibuni mwenyewe. Nikamwambia nilifundishwa.

Shauri liliondolewa, Mturi akaachiwa. Alikuwa amekaa ndani wiki sita. Wiki ya nane, tenki la mgodi likapatikana. Lilikuwa limepelekwa Mwanza kutengenezwa, na aliyelipeleka alihamishwa kituo bila kumwambia mtu. Wiki sita za mtu, meno ya misumeno saba, na kumbe ilihitajika simu moja. Nilipopata habari hiyo nilitoka nje nikazunguka jengo mara mbili ndipo nikarudi kazini.

Wahusika wa serikali nao wakaja kulichukua tenki, ambavyo ni sawa, kwani kitu cha angani kina mwenyewe hata kikianguka kwenye pamba yako. Hawakuniuliza chochote kuhusu vishimo. Waliuliza kama nina turubai. Kipande cha sikio kilibaki maabara kwa barua, na ndicho kile kilichomo kwenye kabati la pili, ole wenu mkikifuta.

Nilidhani yameisha. Kama mwezi mmoja baadaye nilimkuta Mzee Matutu kwenye benchi la mapokezi, amevaa koti la kanisani, ametoka Bunda kwa basi la kwanza.

"Nimekuja kuona," akasema.

"Mzee, si mwanao alishaachiwa? Na la mgodi si limepatikana?"

"Najua hakuiba. Hilo nimejua." Aliitazama kofia yake mkononi. "Lakini yeye aliniambia kimetoka juu, mimi nikasema ni mwongo. Mambo mawili hayo. Hili la pili sijaliona bado. Hataki kuongea na mimi, mama, na sitaki kumwambia nimeamini kwa sababu mgodi umesema. Nataka nimwambie nimeona."

Nilikuwa na kazi ya kukabidhi wiki ile, na nilitaka kumwambia arudi siku nyingine. Nikaingiza kipande. Tukaitazama pampu pamoja muda wote ule. Siku hiyo umeme haukukatika, jambo ambalo sina maelezo nalo.

Picha ilipotokea nilimvutia kiti. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Hapa pamegongwa na nini?"

"Punje. Ndogo kuliko ulezi, ndogo sana."

"Ikiwa huko juu?"

"Huko juu."

"Na huu uji uliomwagikia?"

"Hiyo ni wakati kinashuka, kinaungua."

Alikaa akiangalia. Kisha akatoa simu, akabonyeza, akasubiri. Haikupokelewa. Akabonyeza tena. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Ni baba yako. Usikate." Akakisogelea tena kioo. "Niko Musoma, kwa yule mama wa matundu. Nimekiona. Kimetoka juu, kama ulivyosema." Akahamishia simu sikio la pili. "Nilikufungisha pingu mbele ya watu. Jumapili, nikitoka kanisani, nitakuja hapo karakana, na hili nitalisema mbele ya watu haohao. Wewe ufungue tu."

Alisikiliza muda, akaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, baba," akaiweka simu mfukoni. Halafu akaniuliza kama anaweza kupata hiyo picha kwenye karatasi, ya kwenda nayo.

Nilimchapishia kubwa, ukurasa mzima. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza hivi, akaigeuza hivi, akanirudishia.

"Juu ni upande gani?"

Nilimweleza kwamba picha ya kishimo haina juu wala chini, kwamba hadubini inaangalia kutoka pembe yoyote, na kwamba huko kilikotoka hayo maneno mawili hayana hata maana. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza.

"Sawa, mama," akasema. "Lakini nitakuwa nimesimama mbele za watu. Nisije nikaishika vibaya."

Nikachukua kalamu, nikachora mshale pembeni mwa karatasi, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: JUU.